Namba ya Kodi Haiuzwi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi hata kulisikia, nalo ni kodi. Msigeuze ukurasa. Sitaki kuwahimiza mlipe kodi, maana wajibu huo mwaujua. Nataka kuwaonya msilipe kisichodaiwa, na hasa msiwaache watoto wenu wanaosoma wakamuliwe fedha kwa vitu vinavyotolewa bure.

Nianze na habari ya ukoo wangu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu alimaliza Kidato cha Sita vizuri, lakini mwaka ule hakupata nafasi chuoni. Kijana hakutaka kukaa bure akila ugali wa mama yake. Mwezi wa Januari akapata mtaji kidogo, akapanga kibanda katika mji mmoja wa barabara kuu hapa mkoani kwetu, akauza kandambili na chaja za simu. Nia yake ilikuwa kukusanya fedha ya godoro, sanduku na nauli, akingoja siku ya kuitwa chuo.

Rafiki zake wakamwambia, "Huwezi kufanya biashara bila namba ya mlipakodi." Walisema kweli. Lakini badala ya kwenda ofisi ya kodi, kijana akaenda dukani kwa bwana mmoja mwenye kompyuta. Yule bwana akamwambia, "Namba ni 40,000." Kijana akatoa. Kisha akaambiwa, "Tena kila mwaka utahitaji mhasibu wa kukutengenezea hesabu. Hiyo ni 150,000." Hapo kijana akaogopa. Akaondoka kimya, asiulize neno jingine, wala kwa yule bwana wala kwa mtu mwingine.

Siku ya kukadiriwa, karani wa kodi akamwuliza, "Kwa siku wauza kiasi gani?" Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, naye hakutaka kuonekana mnyonge. Akataja siku yake nzuri kuliko zote: "20,000." Karani akazidisha kwa siku 300, akapata 6,000,000. Akamwomba daftari la mauzo. Daftari hakuna. Basi kijana akaandikiwa kodi ya 100,000 kwa mwaka, kwa mafungu manne ya 25,000.

Alilipa fungu la Machi na la Juni. Oktoba akapata chuo. Akauza bidhaa zilizobaki kwa hasara, akamrudishia mwenye kibanda ufunguo wake, akapanda basi. Ofisi ya kodi hakuiaga. Alidhani kibanda kikifungwa, na kodi imefungwa. Mwaka wa pili ukapita. Siku moja ujumbe ukaingia katika simu yake: anadaiwa mafungu mawili ya mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili mzima, na riba juu yake. Deni lilipita 150,000. Mama yake akauza mbuzi wawili kabla hata ya kuniambia mimi kaka yake.

Nilipopata habari nikasema tusilipe kwanza, tukaulize. Njiani kijana akaniambia, "Mjomba, si watanifunga?" Nikamjibu, "Mtu hafungwi kwa kuuliza. Tembea."

Ofisini tulipokewa vema. Tulionyesha barua ya kuitwa chuoni na barua ya mwenye kibanda, yenye tarehe aliyorudishiwa ufunguo. Deni la mwaka wa pili likafutwa, maana ilionekana wazi kwamba biashara haikuwapo. Lakini la mwaka wa kwanza lilibaki. Siku za kupinga makadirio zilikuwa zimekwisha zamani, na kijana hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha mauzo yake. Tukalipa 50,000 zilizobaki pamoja na riba yake.

Jioni nikamketisha, tukapiga hesabu ya kweli. Siku nyingine aliuza 5,000, nyingine 12,000. Kwa wastani hakupita 9,000. Miezi 10, siku 26 kila mwezi, ni siku 260. Jumla ni 2,340,000. Sasa sikilizeni vizuri. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi 4,000,000 hatozwi kodi ya mapato. Yaani mtoto yule hakudaiwa hata senti moja! Alitoa 40,000 kwa namba isiyouzwa, na 100,000 na riba kwa kodi asiyodaiwa. Mbuzi wa dada yangu walikwenda hivyo.

Je, kwa nini kijana aliyesoma hadi Kidato cha Sita hakuuliza? Nadhani hofu hii ameirithi kwetu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Waingereza wakaendelea nayo, wakaleta na kodi ya kichwa. Wazee wetu walikimbilia porini walipowaona watoza kodi. Hata sisi tulio hai tunaikumbuka kodi ya maendeleo, jinsi watu walivyovizia kupita njia za panya siku za msako, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Kwa hiyo tumewafundisha watoto, pasipo kukusudia, kwamba mtu wa kodi hukimbiwa, haulizwi.

Lakini ndugu zangu, siku hizi kujificha hakufai kitu. Kodi ya kichwa ilimtafuta mtu kwa miguu, naye aliweza kupanda mlima. Kodi ya leo ina namba, na namba haipandi mlima. Inakaa katika kompyuta ikihesabu, uwe kijijini Ileje au chuoni Dodoma. Anayenyamaza ndiye anayeumia. Anayeuliza mapema mara nyingi huambiwa, "Wewe hudaiwi."

Nasi wa mkoa wa Songwe tuna sababu kubwa ya kulijua jambo hili. Tangu mkoa wetu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 2019, vijana wengi hukimbilia mpakani wakati wa likizo. Huuza maji na vocha kando ya malori, hubadili kwacha, hushika vibanda vya kutuma fedha kwa simu, huendesha bodaboda. Wengine ni wanafunzi kabisa, wanatafuta ada. Karibu wote wanajua bei ya soli za viatu Nakonde. Wangapi wanajua kiwango cha kodi yao?

Basi na tuyapange mambo moja moja, mpate kuyakata na kuyaweka katika kabati.

La kwanza, namba ya mlipakodi, ambayo vijana huiita tini, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Haina ada. Huombwa kwa mtandao au ofisini, na kitu kikubwa kinachotakiwa ni namba ya kitambulisho cha Taifa cha NIDA. Kwa namba ya biashara, chukua pia barua ya serikali ya kijiji au mtaa, na mkataba wa pango kama umepanga. Mwenye duka la kompyuta akikusaidia kujaza fomu, ana haki ya ujira wake kidogo kama mpiga chapa yeyote. Lakini mwulize, "Bwana, wauza kazi yako, au wauza namba?" Akisema auza namba, ondoka.

La pili, kuna namba ya biashara na namba isiyo ya biashara. Kijana anayetaka leseni ya udereva tu aombe ile isiyo ya biashara. Akiandikiwa ya biashara kwa makosa, atatazamiwa kuleta makadirio kila mwaka, hali hana hata kibanda.

La tatu, simu na anwani ya barua pepe zinazoandikwa katika fomu ziwe za kijana mwenyewe. Wako wasaidizi wanaoandika zao wenyewe ili kazi iishe upesi. Matokeo yake, ujumbe wa kodi huenda kwa mgeni, na mwenye deni hana habari. Neno la siri pia ni lake peke yake, asimpe hata rafiki.

La nne, hapana haja ya mhasibu. Tangu mwaka 2019, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi 100,000,000 halazimishwi kuleta hesabu zilizotengenezwa na mhasibu. Hukadiriwa kwa mauzo yake. Ndugu, ni mwanafunzi gani wa Mbozi anayeuza milioni 100? Akikuambia mtu ulipe 150,000 kwa kazi hiyo, jua kwamba anakuuzia mwavuli wakati wa kiangazi.

La tano, na hili ndilo kubwa, weka daftari. Viwango vile vya mwaka 2019 vina milango miwili: mmoja wa mwenye kumbukumbu kamili, na mmoja wa asiye nazo. Mtu aliyeuza 5,000,000 kwa mwaka bila kumbukumbu hulipa 100,000. Aliyeuza kiasi kile kile akiwa na kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya zile zilizopita 4,000,000, yaani 30,000 tu. Aliyeuza 8,000,000 bila kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya zile zilizopita 7,000,000, yaani 120,000. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa huyu wa kwanza daftari limeokoa 70,000, kwa wa pili 130,000. Dukani daftari lauzwa bei gani? Kila jioni andika tarehe, ulichouza, ulichonunua. Risiti za bidhaa zitie katika bahasha moja. Na karani akiuliza wauza kiasi gani, usitaje siku ya sikukuu. Usitaje pia siku ya mvua ili kumdanganya, maana huo ni wizi. Fungua daftari, asome mwenyewe.

Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na sheria mpya huanza Julai. Viwango vyaweza kubadilika. Kwa hiyo, kabla ya kukadiriwa, ulizeni viwango vya mwaka huo. Kuuliza ni bure ofisini, na ni bure kwa simu pia: TRA wana namba 0800 750 075, ambayo mpigaji hakatwi fedha.

La sita, shika tarehe. Mfanyabiashara wa makadirio hulipa kwa mafungu manne: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Fedha hailipwi mkononi mwa mtu. Hulipwa benki au kwa simu, kwa ile namba ya malipo ambayo vijana huiita kontroli namba. Asiyekupa namba hiyo usimpe fedha, hata akiwa amevaa tai.

La saba, ukifunga biashara, kaage. Andika barua yenye tarehe, ipeleke ofisini, omba nakala iliyopigwa mhuri. Mwanafunzi anayerudi chuoni Oktoba aweke jambo hili katika orodha yake ya safari, pamoja na shuka na ndoo.

La nane, ukiona umekadiriwa visivyo, usilie nyumbani. Sheria yatoa siku 30 za kuandika pingamizi kwa Kamishna, tangu siku ulipopewa makadirio. Tena sheria ya mwaka 2019 ilimweka msuluhishi wa malalamiko ya kodi, ambaye hupokea malalamiko ya mlipakodi juu ya huduma aliyopata, na hatozi ada. Lakini siku 30 hazimngoji mtu. Kijana wetu aliziacha zipite.

Na mtoto aliyeajiriwa likizoni, katika ghala au hoteli, yeye hana kazi kubwa. Kodi yake hukatwa na mwajiri katika mshahara. Tangu Julai 2020, mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi hiyo. Aliye na ajira moja tu, bila biashara, hadaiwi kujaza ritani ya mwaka. Lakini adai karatasi ya mshahara. Ikiwa mshahara wake ni 200,000 na anakatwa fedha kwa jina la kodi, aulize kwa adabu fedha hiyo inakwenda wapi.

Huenda mtu akasema, "Haya ni matatizo ya Tunduma tu." Sivyo. Kwa jirani zetu wa Kenya, mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuwa na namba ya kodi. Akishakuwa nayo, hutakiwa kujaza ritani kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hana kipato chochote. Hujaza sifuri, na kujaza ni bure katika mtandao wa mamlaka yao. Lakini ikifika mwezi wa Juni utawaona wanafunzi wamejazana katika maduka ya kompyuta wakilipia hiyo sifuri. Wanaosahau hupigwa faini ya shilingi 2,000 za Kenya. Fikirini, mtu hana kitu, naye analipa kwa sababu hakusema kwamba hana kitu!

Huko Marekani waliliona jambo hili mapema. Tangu mwaka 1969 serikali yao ina mpango wa watu wa kujitolea, nao wengi ni wanafunzi wa uhasibu. Hufundishwa, hupewa mtihani, kisha hukaa katika maktaba, vyuo na kumbi za mitaa, wakiwajazia fomu za kodi watu wenye kipato kidogo bila kutoza kitu. Mwanafunzi hujifunza kazi, maskini huokoa fedha yake. Kanada nao walianza mpango wa namna hiyo mwaka 1971.

Je, sisi twashindwa nini? Ofisi za kodi zina maofisa wa elimu, ambao kazi yao ni kufundisha wananchi, tena hutembea mlango kwa mlango. Katika shule nyingi za sekondari TRA wameanzisha klabu za kodi. Vijijini mwetu wamo watoto wanaosoma uhasibu. Basi kijiji au parokia ichague Jumamosi moja kabla ya mwisho wa Machi. Mwalimu wa klabu ya kodi aandike barua, amwalike ofisa. Vijana wanaosoma uhasibu waketi mezani na kalamu. Wenye vibanda na bodaboda waje na daftari, namba zao za NIDA na simu zao wenyewe. Wazee nao waje, maana wana maduka, na hofu hii ni yao kwanza. Gharama yake ni benchi na chai.

Najua yuko atakayesema, "Mwandishi huyu anawatetea watu wa kodi." La, hasha. Mwenye kudaiwa alipe, maana barabara ya Vwawa na zahanati za vijiji hazijengwi kwa upepo. Lakini mwanafunzi maskini asiyedaiwa asilipe woga wake. Sheria yenyewe imemwekea mlango wa bure, ila ni lazima aupitie kwa miguu yake, na kwa wakati wake.

Yule kijana sasa yuko mwaka wa mwisho. Likizo iliyopita alirudi kufanya biashara ndogo ya mahindi ya kuchoma karibu na stendi. Jambo la kwanza alilonunua, kabla ya mkaa, ni daftari la kurasa 96. Dada yangu ameanza tena kufuga, ana mbuzi jike mmoja, na amesema huyu hatauzwa mpaka mtu amwonyeshe kwanza karatasi.

Wazazi, usiku wa leo waulizeni watoto wenu maswali matatu: Je, una namba ya kodi? Ni ya biashara au siyo? Daftari liko wapi? Asipoweza kujibu, msimkaripie. Mpeni nauli ya kwenda Tunduma akaulize. Kuuliza si ujinga.